Kima Aliyehesabiwa Mara Tatu

Baraza la wanyama wa Unguja hukutana Jozani, chini ya mkungu mkubwa ulioko upande wa kijiji cha Pete. Kiti cha mbele kilikuwa cha Chui. Siku hizi Chui wa Unguja haonekani, na kwa kumstahi hakuna aliyethubutu kukikalia kiti chake. Anayeongoza kikao hukaa chini, ubavuni mwake. Mwaka ninaousimulia zamu ilikuwa ya Mzee Kobe wa Changuu. Wazee wake waliletwa kisiwani pale kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanne tu, zawadi ya gavana wa huko, na tangu hapo ukoo wao unakaa ng'ambo ya Forodhani ukiutazama mji. Alivushwa kwa ngalawa, akapakiwa gari ya shamba, akafika jioni ya pili, wenziwe wameshachoka kungoja.

Jambo lililowakutanisha lilikuwa moja: ripoti ya Fungu la Vijana.

Fungu lile lilizaliwa kwa kilio cha Bi Kima. Yeye ni kima punju, wa ukoo ule ambao asili yake ni Unguja na si kwengine duniani. Mwanawe alikuwa amefika umri mgumu: mkubwa mno kubebwa, mdogo mno kupewa tawi lake mwenyewe. Kwenye mchujo wa msitu alianguka, na mchujo ule ukishamwangusha mtu haumwelekezi pa kwenda. Akawa anashinda kando ya barabara kubwa na wenzake, wakingoja ndizi kutoka kwenye magari ya watalii. Barabara ile imeua kima wengi, na matuta yaliyowekwa yamepunguza vifo bila ya kuvimaliza.

"Watoto hawa hawakwenda barabarani kwa ukaidi," Bi Kima aliliambia Baraza siku ile. "Wamekwenda kwa sababu barabarani ndiko pekee kunakotokea kitu."

Baraza liliguswa. Likapitisha kwamba kila mwenye kuokota kungu kumi atoe moja, ziwekwe kwa ajili ya vijana waliokwama: warudi skuli, au wafundishwe ufundi, au watafutiwe kazi. Ghala likapewa Kaa wa Nazi wa Chumbe, kwa kuwa hakuna mkono Unguja unaobana kuliko gando lake. Uendeshaji ukapewa Kunguru.

Juu ya Kunguru lazima niseme neno, maana wengi humhukumu kabla hawajamsikiliza. Babu zake hawakuja Unguja kwa hiari yao. Waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza, ili wale taka za mji. Kazi walipewa, wa kufuatilia kazi ile imefika wapi hakuwepo. Wakala taka, kisha wakageukia mayai na makinda ya ndege wenyeji, na leo wametapakaa mwambao mzima. Kunguru amekulia ndani ya mradi usiokuwa na mwisho wala mkaguzi, na mtu huendesha mambo vile alivyoyaona yakiendeshwa. Lakini alijua kuandika. Alijua andiko linalopita na andiko linalorudishwa, alijua tofauti ya lengo na shabaha, na katika msitu mzima hakuna mwengine aliyekuwa na kabati la mafaili.

Uzinduzi ulifanywa Forodhani. Pakafungwa mahema, vikakodiwa viti, bango likatandazwa kutoka mti hadi mti. Kijana Kima alikuwepo. Alikwenda na barua ya sheha mkononi, akajaza fomu, akapigwa picha, akapewa soda. Hapo alihesabiwa mara ya kwanza, kwenye safu iliyoandikwa "waliofikiwa".

Mara ya pili ilikuwa semina ya siku mbili ya kujitambua. Mkufunzi alikuwa Njiwa wa mjini, mwenye sauti nzuri na huruma ya kweli. Aliwauliza vijana wanajiona wapi baada ya miaka mitano. Kijana Kima akajibu kwa moyo mweupe kwamba anajiona anasuka. Tangu utotoni alikuwa akimtazama Mzee Mnana, fundi wa viota wa Mwanakwerekwe, kila alipokuja msituni kuchukua kuti. Njiwa akampongeza, ukumbi ukapiga makofi, jibu likaandikwa kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Siku ya pili saa kumi jioni vyeti vikagawiwa, karatasi ya ukutani ikavingirishwa na kuondoka na gari. Mzee Mnana hakupelekewa habari.

Mara ya tatu ziligawiwa fulana zenye jina la Fungu kifuani, na kila aliyepewa alisaini.

Kijana Kima hakungoja ya nne. Alidandia gari asubuhi na mapema akaenda Mwanakwerekwe peke yake, akasimama mbele ya karakana ya Mzee Mnana.

"Umekuja kusuka au umekuja kuandikwa?"

"Nimekuja kusuka, Mzee."

"Basi kaa pale, utazame. Mkono usiguse kitu mpaka Ijumaa."

Akatazama. Mnana hatwangi wala hakati; huuma ukingo wa jani la mnazi, akashika ncha mdomoni, kisha huruka, na jani lenyewe likachanika likatoa uzi mrefu. Uzi wa kwanza hufungwa kwenye kijiti, wa pili huupita chini, mpaka ipatikane pete. Kiota chote kitaning'inia kwenye pete ile. Ikiwa mbovu, upepo wa kusi utakishusha pamoja na mayai. Jumamosi Kijana Kima akaruhusiwa kushika uzi, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kima punju hana kidole gumba cha kufaa. Mungu amempa vidole vinne virefu vya kunasia matawi. Kuushika uzi laini kwa vidole vile na kuupitisha chini ya mwenziwe usikatike ni jambo ambalo hakuna mwalimu angeweza kumwonesha, kwa kuwa mwalimu mwenyewe anatumia mdomo. Alikata nyuzi za siku tatu nzima. Mnana alizitazama zikirundikana sakafuni. Zilikuwa za kazi ya watu, na alizilipia yeye.

Wiki ya pili kijana alibuni njia yake. Aliubana uzi kati ya kidole cha mwisho na kiganja, akauzungusha kwa vidole vitatu vilivyobaki. Kifundo kikatoka cha namna ambayo Mnana hajapata kukiona kwa wanagenzi wake wote. Akakigeuza kwa mdomo, akakivuta, akakivuta tena kwa nguvu. Hakikufunguka. Mzee hakusema neno. Aliichukua pete ile akaitundika juu ya mlango wa karakana.

Jumatatu ya wiki ya tatu Kijana Kima hakuonekana. Jumanne pia. Mnana alidhani amechoka, maana vijana huchoka, akamwita mwengine.

Hakuwa amechoka. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imemshinda mama yake. Kima hula mkaa ili kuizima sumu iliyomo kwenye majani ya mkungu na mwembe, na mtoto huijua dawa hiyo kwa kumwona mama yake akitafuna. Bi Kima alikuwa ameuza akiba yake yote ya mkaa kulipia safari za wiki mbili. Wiki ya tatu mtoto wake mdogo aliumwa tumbo usiku kucha, na mkaa haukuwepo. Asubuhi yake mkubwa akasema mwenyewe, "Mama, leo siendi," na kesho yake hakusema tena.

Nimeutazama sana mkasa huu na naona uchungu wake uko mahali padogo. Kijana alitaka. Fundi alikubali. Mkono ulikuwa umeshaanza kujua. Kilichokosekana ni nauli, chakula cha mchana, na kitu kidogo cha kumfidia Mnana nyuzi zake, na vitu hivyo vitatu havikuwa na kifungu kwenye bajeti ya Kunguru. Bango la Forodhani peke yake lingemsafirisha msimu mzima.

Kikao kikafunguliwa. Kunguru akasimama na kusoma: waliofikiwa, mia tatu, waliopewa vyeti, tisini, kiwango cha matumizi, asilimia mia moja. Wanyama wakapiga makofi, na hata wale ambao watoto wao walikuwa barabarani muda ule ule walipiga, kwa sababu idadi ikisomwa kwa sauti ya kujiamini hupendeza.

Mzee Kobe akasema, "Waite."

"Wote, Mzee?"

"Wote. Jina moja moja. Aliyeitwa asimame, na akishasimama asikae."

Kunguru akaanza kuita. Ilipofika katikati ya orodha likasikika jina la Kijana Kima, mwana wa Bi Kima wa Pete, naye akasimama. Kurasa chache mbele likasikika tena. Kijana akababaika, ameshasimama, afanye nini zaidi? Lilipoitwa mara ya tatu, yeye mwenyewe akainamisha kichwa kwa haya, utadhani ameiba kitu. Orodha ilipokwisha, waliosimama chini ya mkungu hawakufika hata mia moja na kumi.

"Sasa," akasema Kobe, "mwenye kazi mkononi leo, au aliyerudi darasani, abaki wima. Wengine kaeni."

Walibaki wawili: Komba mmoja aliyeajiriwa ulinzi wa usiku na mjomba wake, na kijana wa Chozi ambaye angesoma hata bila Fungu. Kijana Kima akakaa pamoja na wengine. Kobe akamgeukia.

"Wewe ulikosa nini, mwanangu?"

"Nauli, Mzee."

Kelele zikapanda. Wengine wakamwita Kunguru mwizi, na mmoja akamrushia kokwa. Kunguru hakuruka. Alisema maneno ambayo naona kila mwenye kupanga bajeti ya vijana, awe mnyama au mwanaadamu, angepaswa kuyasikia.

"Vitabu vyangu vimekaguliwa. Kila kungu ina risiti yake. Niiteni mnavyotaka, lakini kwanza niulizeni fedha niliipata lini. Mwaka wetu unaanza tarehe 1 Julai. Mimi niliomba Julai. Ghala lilifunguliwa katikati ya Mei. Na kanuni yenu wenyewe inasema kitakachobaki tarehe 30 Juni kirudi Chumbe, na mwakani nipewe pungufu kwa kuwa nimeshindwa kutumia. Nilikuwa na wiki sita. Ufundi haununuliki kwa wiki sita. Ukumbi unanunulika. Bango linanunulika. Fulana zinanunulika kwa siku moja. Nilinunua kilichokuwepo sokoni kwa muda niliopewa, na nyinyi mkanipigia makofi."

Macho yote yakamwendea Kaa wa Nazi.

Kaa alikunja magando. "Nilibana, sikatai," akasema. "Habari za ng'ambo zilinitisha. Huko Bara halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Nia njema kabisa. Vikazuka vikundi hewa, madeni hayakulipwa, hata mwaka 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yenyewe, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mwengine. Sikutaka kungu zenu ziliwe na vijana wasiokuwepo. Nikasema wacha nihakiki tena, na tena."

Hofu ya Kaa ina haki yake, na sipendi wanaomcheka mtunza ghala kwa kuogopa wizi. Lakini kinda wa miaka kumi na sita hasimami kwenye umri huo kungoja uhakiki umalizike. Miezi kumi ambayo ghala lilifungwa kwa ajili ya usalama ndiyo ile ile ambayo watoto walikuwa barabarani, na hasara hiyo haikuingia kwenye kitabu cha mkaguzi yeyote. Na ajabu ni kwamba wasiokuwepo walipenya vile vile: walipenya kwenye orodha, majina matatu kwa mkia mmoja.

Mzee Kobe alinyoosha shingo. Alisema polepole, na safari hii hakuna aliyelalamika.

"Sisi wa Changuu tunawatazama wanaadamu wa mji ule kwa miaka mingi. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, walitangaza elimu bila malipo. Ninachokitaja si tangazo. Matangazo tumeyasikia mengi kuvuka maji. Ninachokitaja ni kwamba mwaka uliofuata skuli zilifunguliwa tena, na mwaka uliofuata tena, na walimu wakalipwa. Mwaka 2006 wakatunga sheria ya mafunzo ya amali, wakaunda mamlaka yake, na vituo vyake mnavijua: Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Vitongoji kule Pemba. Kituo kina mlango. Kijana aliyekosea mwaka huu anaujua mlango huo mwakani. Wana pia mafunzo ya uanagenzi yaliyoungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani, kijana akigawa muda wake kati ya darasa na hoteli, na hapo mwenye hoteli anamjua kwa kazi yake kabla hajamwajiri. Siku hizi wana mradi wa kuwapa vijana ujuzi wa uchumi wa buluu kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo, nasema. Watakaoulipa ni hao hao vijana wakishakuwa wazee wa mji. Basi kila semina isiyomfikisha mtu popote, mtoto huyo ameilipia mara mbili: kwa muda wake leo, na kwa kodi yake kesho."

Akapumzika kidogo.

"Na Disemba 25, 2020, tuliliona vumbi. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja na watu wawili wakafa. Sina elimu ya kueleza kwa nini. Ninajua tu kwamba mji wote ule ni matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuutunza kunataka mikono inayojua chokaa imekaa muda gani shimoni na boriti ipi imeoza ndani huku nje ni nzima. Mikono hiyo hufundishwa na mikono mingine, kwa miaka. Mkiwa na fedha ya wiki sita mtapata mji wa wiki sita."

Bi Kima ndiye aliyeleta hoja. Hakuwa na andiko. Alitaka kungu zimfuate kijana mmoja mmoja: nauli yake kila wiki, chakula chake cha mchana, na fungu la fundi lilipwe mara tatu, siku anapompokea, siku kijana anapofunga pete isiyofunguka, na msimu mmoja baada ya kumaliza, ikiwa bado ana kazi. Fedha ya kila kijana itengwe kwa misimu mitatu tangu siku ya kwanza, na Juni isiwe na mamlaka juu yake. Na mwenye kuhesabu asihesabu walioketi ukumbini. Ahesabu walio kazini au darasani mwaka mmoja baadaye.

Kaa akauliza, na lilikuwa swali la haki: "Je, akiacha katikati? Nimeshalipa."

Mzee Mnana, aliyekuwa ametulia tawini muda wote, akajibu. "Kijana wa kiume, wa kabila langu mwenyewe, husuka kiota cha kwanza kibovu. Jike huja, akakitazama, akakataa, akaenda zake. Kijana hukivunja mwenyewe akaanza upya, pengine mara nyingi. Ukimnyang'anya nyuzi baada ya kiota cha kwanza, utaandika kwamba ameshindwa, na utakuwa umedanganya. Hasara ya nyuzi ni sehemu ya bei. Mimi nimeilipa miaka yote bila ya mtu kuniuliza."

Hoja ikapita. Kaa akapiga hesabu palepale kwenye mchanga, na kwa kungu zilizokuwemo ghalani, kwa misimu mitatu kamili, likatoka jibu: vijana arubaini.

Ndipo akasimama Nunga. Paa nunga si mnyama wa kusema mikutanoni. Huishi kwenye vichaka vya maweni, na wengi pale walikuwa hawajaisikia sauti yake. "Arubaini," akasema. "Wangu ni wa arubaini na moja."

Hakuna aliyejibu. Kunguru akanong'ona kwamba kwa mpango wa zamani mtoto wa Nunga angepata fulana angalau, na Nunga akamsikia. "Fulana siitaki," akasema. "Wala sitaki mwana wa Bi Kima anyimwe nauli ili wangu apate soda. Nauliza jambo jengine. Kungu hutolewa na waokota kungu. Wale je?"

Alielekeza pua kwenye matawi ya nyuma. Walikuwa wamekaa pale kunguru wa pwani, wanene, wa Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Paje, wale wanaokula kwenye meza za hoteli asubuhi, mchana na usiku. Hawajapata kuokota kungu hata moja, na kwa hiyo, kwa kanuni ilivyoandikwa, hawajapata kutoa. Vijana waliokuwa wakiwabebea makombo huko hotelini wengi wao walitoka mbali, wameshafundishwa kwengine, huku watoto wa vijiji vya pembeni wakiwatazama juu ya ukuta.

Mimi nasimama na arubaini. Naamini arubaini waliofikishwa ni bora kuliko mia tatu waliopigwa picha, na nimeliandika hili mara nyingi bila ya kutetereka. Lakini sijapata jibu la kumpa Nunga isipokuwa hilo alilolisema mwenyewe: ghala liongezwe, na waliongeze wale ambao kisiwa kinawalisha vizuri zaidi.

Kunguru mmoja wa Nungwi akasema kwamba saa imekwenda na safari ni ndefu, kikao kifungwe, hilo lipelekwe kwenye kamati. Wengine wakakunjua mbawa. Mzee Kobe hakufunga kikao. Aliwaambia wapitie chini, kwenye njia, wakaagane na wenye watoto kama ilivyo desturi. Na njiani, ambapo ni pembamba, Nunga alikuwa ameshalala kipana na mwanawe ubavuni, Bi Kima na Kijana Kima wakaja kukaa nyuma yake, na wazazi wengine wakafuata mmoja mmoja. Kaa akafuta hesabu ya mchanga, akachora mstari mpya.

"Tuanze na Nungwi," akasema. "Mnatoa ngapi?"